Kabla ya Rukhsa Kulikuwa na Barua

Mkeka, yaani orodha ya uteuzi wa viongozi, ukitoka usiku, kundi letu la WhatsApp la ukoo huwa halilali. Nani kapandishwa, nani kahamishwa wizara, nani kaachwa na gari la serikali likarudishwa asubuhi hiyo hiyo. Mjomba wangu mmoja, mstaafu aliyewahi kuwa karani wa serikali kule Kanda ya Ziwa, kwa kawaida husoma na kunyamaza. Safari iliyopita akaandika mstari mmoja: "Hawa wanatolewa. Sisi tulimwona waziri aliyetoka mwenyewe." Vijana wakamuuliza ni nani huyo. Akajibu kwa neno moja, Mwinyi, kisha akaenda kulala.

Wengi hawakumwelewa. Kwao Ali Hassan Mwinyi ni Mzee Rukhsa, rais wa mitumba na maduka yaliyojaa. Hata mimi niliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya sabini namkumbuka hivyo kwanza: sabuni iliacha kuwa habari ya kuitana mtaa mzima, na shati langu la kwanza la kuchagua mwenyewe lilitoka kwenye mtumba. (Mlango wenyewe ulianza kufunguliwa kidogo kwenye bajeti ya 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu, lakini sifa za mlango huchukuliwa na aliyeusukuma mpaka mwisho.) Urais umeufunika uwaziri wake. Nami naona kazi yake iliyo ngumu kuliko zote aliifanya akiwa waziri, Januari 1977, kwa kalamu na karatasi.

Turudi nyuma kidogo. Mwinyi alizaliwa Mei 8, 1925, Kivure, sehemu ambayo leo ni Mkuranga, mkoani Pwani, akapelekwa Unguja angali mtoto. Alisoma Mangapwani na Dole, akawa mwalimu, akarudi Mangapwani kama mwalimu mkuu, akaenda Uingereza kusomea ualimu chuo cha Durham, kisha akawa mkuu wa chuo cha ualimu Zanzibar. Baada ya Mapinduzi akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu, halafu akahamia kwenye shirika la biashara la serikali huko huko Zanzibar. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alimchukua kuwa Waziri wa Nchi Ofisi ya Rais. Mwaka 1972 akapewa Afya.

Afya ya miaka ile haikuwa wizara ya kukata utepe. Mwaka 1973 ndipo ilipopita kampeni ya Mtu ni Afya: watu wamekaa chini ya mwembe wakisikiliza redio kwa vikundi, wanajadili mbu na maji machafu, halafu wanaondoka kwenda kuchimba vyoo. Bibi yangu alikuwa bado anaitaja kwa wimbo mpaka uzeeni. Sidai kwamba waziri ndiye aliyeibuni. Ilikuwa kazi ya watu wengi, wa elimu ya watu wazima hasa. Ila ilikuwa zama ambayo waziri aliweza kupita wizarani, akafanya kazi ya maana, na wananchi wasijue hata sura yake. Mwinyi alikuwa waziri wa namna hiyo. Mpole, mtaratibu, Kiswahili chake safi kama cha mwalimu wa darasa la saba. Mwaka 1975 akahamishiwa Mambo ya Ndani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, mbali sana na ofisi yake.

Usukumani, mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kulikuwa na mauaji ya vikongwe. Mama mzee anatuhumiwa uchawi, pengine kwa sababu tu macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka ya jikoni, na usiku anakatwa mapanga. Serikali ikaagiza mauaji yakomeshwe. Polisi na watu wa usalama wakaingia vijijini, wakakamata watu wengi, wakawahoji. Kuhojiwa kwenyewe kukawa mateso, na baadhi ya waliokamatwa wakafia mikononi mwa dola. Lengo lilikuwa jema kabisa: kulinda akina mama wazee. Ndiyo maana kisa hiki kinanisumbua kuliko visa vya wizi wa fedha. Hapa hakuna aliyekula hela. Serikali ilikwenda kuzuia watu wasiuawe, ikaua.

Habari zilipofika juu na kuthibitika, Mwinyi aliandika barua ya kujiuzulu. Hakuwahi kumgusa mtuhumiwa yeyote. Hakuwa Shinyanga. Hakuna aliyesema kwamba aliagiza mateso. Hakuwa peke yake pia, na hili tunapenda kulisahau tunapomtengenezea sanamu: Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyeshughulikia usalama, naye aliondoka, na wakuu wa mikoa miwili, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga, nao wakaachia ngazi. Baadaye maofisa wa polisi na usalama walifikishwa mahakamani na baadhi wakapatikana na hatia. Kwa hiyo wanasiasa walibeba mzigo wa kisiasa, na waliotesa wakakutana na hakimu. Kimoja hakikutumika kufunika kingine.

Na ilikuwa wakati gani? Februari 5, 1977, siku chache tu mbele, TANU na ASP zilikuwa zinaungana kuzaliwa CCM. Nchi nzima ilikuwa kwenye nderemo. Kama kuna wakati ambapo ingekuwa rahisi kumwambia waziri atulie kwanza, tumalize sherehe, tuunde tume, ulikuwa ule.

Mjomba anasema walisikia redioni, RTD, na ofisini kwao hakuna aliyeamini kwamba ni hiari. Karani mwenzake alibisha wiki nzima kwamba lazima kuna jambo. Waziri aache kazi kwa ajili ya watu waliokamatwa huko vijijini? Ubishi huo naupenda kwa sababu unaonyesha kwamba hata zamani tunayoililia haikuwa na mazoea ya kitu hiki. Lilikuwa jambo geni siku hiyo hiyo lilipotokea.

Lugha yetu ina neno kali kwa kitendo hicho. Kuuzulu ni kumwondoa mtu kazini. Kujiuzulu ni kujiondoa, kujifanyia mwenyewe kile ambacho mwenye mamlaka angekufanyia. Siku hizi neno hilo limebaki kwenye magazeti ya zamani. Sasa tuna kutenguliwa. Tangu 2015 tukapata na kutumbuliwa, ambako mtu mzima aliyeapishwa kwa kitabu kitakatifu anageuzwa jipu. Yote mawili anafanyiwa. Tukifika mahali hatuna hata kitenzi cha kumwelezea waziri anayetenda jambo mwenyewe, tusishangae akikaa kusubiri atendwe.

Februari 2024 tulifiwa na watu wawili waliowahi kuacha madaraka. Edward Lowassa alifariki tarehe 10, Mwinyi tarehe 29. Sikumsikia mtu akiwaweka kwenye mizani moja, labda kwa adabu ya msiba. Lowassa aliacha uwaziri mkuu Februari 2008 baada ya kamati ya Bunge kusoma taarifa yake kuhusu Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, na alipoondoka alilalamika kwamba kilichokuwa kinatafutwa ni cheo chake. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakaondoka pamoja naye. Sitaki kufufua kesi ya marehemu. Nasema tu kwamba barua inayoandikwa ukuta ukiwa umeshafika mgongoni ni barua ya aina nyingine.

Mfano unaokaribia zaidi ni Operesheni Tokomeza ya 2013. Nayo ilianza kwa nia njema, kuwakabili majangili wa tembo, ikaishia kwa wananchi kuteswa, kupoteza mifugo, na wengine kufa. Desemba mwaka huo bungeni Dodoma, Khamis Kagasheki wa Maliasili alisimama akatangaza mwenyewe kwamba anaondoka. Wenzake watatu, wa Ulinzi, Mambo ya Ndani na Mifugo, walitangaziwa kwamba uteuzi wao umetenguliwa. Siku moja, kosa moja, milango miwili. Aliyekuwa Mambo ya Ndani wakati huo, Dk. Emmanuel Nchimbi, baadaye alikuwa balozi Brazil, halafu Misri. Na Mwinyi, baada ya barua yake ya 1977, alipelekwa wapi? Balozi, Cairo. Mto Nile una jambo na mawaziri wetu wa Mambo ya Ndani.

Natania, lakini Cairo ndiyo hoja yangu. Tunapomsifu Mwinyi tunamsifu kana kwamba ulikuwa ushujaa wa moyo wake peke yake. Moyo alikuwa nao, sikatai. Lakini tazama alichokuwa anakiacha. Waziri wa 1977 alifungwa na miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha: hana nyumba ya kupangisha, hana hisa kwenye kampuni, hana mishahara miwili. Uwaziri ulimpa heshima na usafiri, na ulipoondoka alirudi kwenye maisha yasiyotofautiana sana na aliyokuwa nayo. Na aliyemteua hakumfanya mkosaji. Alimpa kazi nyingine. Alikaa Misri mpaka mwanzoni mwa miaka ya themanini, akarudi kuwa Waziri wa Maliasili na Utalii mwaka 1982, kisha Waziri wa Nchi Ofisi ya Makamu wa Rais.

Waziri wa leo anaacha nini? Shangingi, walinzi, simu zinazopokelewa mlio wa kwanza, biashara ya shemeji, jimbo linalomhesabu kwa barabara alizoleta, na wapambe hamsini ambao watahamia kwa mwingine kabla jua halijazama. Ukimwambia mtu huyo ajiuzulu unamwambia ajizike. Simtetei. Ninaeleza kwa nini mahubiri ya uadilifu hayamfikii.

Hapa hadithi inageuka. Miiko ile ilikuja kulegezwa Zanzibar, kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM mwaka 1991. Mwenyekiti wa chama alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Mtu ambaye kitendo chake cha 1977 kilirahisishwa na wepesi wa mizigo yake ndiye aliyeongoza kikao kilichowaruhusu viongozi kubeba mizigo. Namwelewa, zama zilikuwa zimebadilika, na yeye mwenyewe alizoea kusema kila zama na kitabu chake. Mwaka mmoja kabla, 1990, alikuwa amewataka mawaziri wake wote wakabidhi barua za kujiuzulu, kisha akaunda baraza upya bila baadhi yao, akipiga vita rushwa na uzembe kwa kile alichokiita fagio la chuma. Ni kama alijaribu kuwafanya waandike kwa amri ile barua aliyoiandika yeye kwa hiari. Miaka michache baadaye Mwalimu, akiwa mstaafu mwenye hasira, aliandika kijitabu kudai Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama wawajibike, na rais aliyekuwa akiwalinda alikuwa Mwinyi huyo huyo. Upole uliomfanya abebe makosa ya walio chini yake akiwa waziri ulimfanya pia, akiwa rais, asite kuwabebesha wengine.

Si kila aliyejiuzulu alipata Cairo. Januari 1984 hali ya hewa ya kisiasa ilichafuka Zanzibar, Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, akaachishwa nyadhifa zake Dodoma kwa jina la kujiuzulu, akaenda kuishi Mji Mwema, Kigamboni, kimya kimya, mpaka alipofariki 2016. Aliyechukua kiti chake Zanzibar alikuwa Mwinyi, na mwaka uliofuata akapanda kuwa rais wa Muungano, akijifananisha na kichuguu mbele ya Mlima Kilimanjaro. Bila barua ya 1977 sidhani kama Mwalimu angemwona kwa jicho lile. Hili ni dhana yangu, mnaweza kunibishia.

Nilimpigia mjomba nilipokuwa naandika haya, nimuulize anakumbuka nini zaidi. Nilitegemea aniambie kuhusu Mwinyi. Akanisimulia habari ya mzee mmoja wa kijiji cha jirani na kituo chake cha kazi, aliyechukuliwa usiku na kurudishwa baada ya wiki tatu akiwa hawezi kushika jembe. Aliishi miaka mingi baadaye, akichunga mbuzi wa watoto wake. Hakuna aliyewahi kwenda kumweleza kwamba huko Dar es Salaam waziri aliacha kazi kwa ajili yake. Nilimuuliza mjomba kama yeye, karani wa serikali mwenye redio, aliwahi kumwambia.

"Hapana," akasema. "Ningeanzia wapi?"