Tembo wa Tabora na namba za Wamarekani: gredi za sarafu za dhahabu tuziamini kiasi gani?

Ukipeleka dhahabu soko la madini hapa Dodoma hamna stori ndefu, mashine inasoma usafi, mzani unasema gramu, mnapiga hesabu kwa bei ya siku hiyo mnamalizana. Sarafu ya kale ya dhahabu hiyo bana ni habari nyingine, maana hela kubwa haiko kwenye gramu, iko kwenye namba ambayo mtu kaikadiria kwa macho, na akikaa mwenzake kwenye kile kiti kesho namba inaweza kubadilika.

Kwa asiyefuatilia, ni hivi: kuna makampuni ya Marekani, PCGS iliyoanza 1986 na NGC 1987, unawatumia sarafu yako na hela yao, wanakagua kama ni orijino, wanaipa gredi kati ya 1 na 70, wanaifungia kwenye kasha la plastiki lenye lebo. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haijazunguka mtaani, 58 imeguswa kidogo tu. Skeli yenyewe aliitunga William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba za zamani za kwao, tembo wetu wala hakuwepo kwenye hesabu.

Nasema tembo kwa sababu mfano mzuri tunao huku huku kwetu, ile rupia 15 ya Mjerumani ya 1916, yenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Singida hapo, sarafu ikapigwa chapa Tabora kwenye karakana ya reli, vita imepamba moto na Mjerumani hana njia ya kuleta sarafu kutoka Ulaya. Zilitoka kama elfu 16 tu. Ina gramu 7 na kidogo, karati 18, ukiiyeyusha unabaki na gramu 5.4 hivi za dhahabu safi, ila ukiiyeyusha umejiroga mwenyewe maana wakusanyaji wanalipa mbali sana juu ya hapo.

Sasa ile ni kazi ya karakana ya vita. Chapa haikugonga sawasawa kila mara, kwahiyo unakuta ubavu wa tembo umefifia tangu siku ile ile ilipotoka. Mkaguzi mmoja anaangalia anasema hapa pamelika, 58. Mwingine anaizungusha taratibu chini ya taa, anaona ule mng'ao unaozunguka na mwanga bado upo mpaka juu ya sehemu iliyofifia, anasema hapana, huu ni ulegevu wa chapa, 61. Sarafu ileile, na bei inaruka.

Ila tusiwaonee. Feki za huyu tembo zipo, na mtu wa Dodoma anayenunua kwa picha kutoka Ujerumani atajuaje? Kasha linampa namba ya kuhakiki mtandaoni na dhamana kwamba ikigundulika ni feki kampuni inawajibika. Kabla yao muuzaji ndiye alikuwa anajipangia gredi, ya kuuza nzuri mno, ya kununua mbovu mno. Hiyo hatuitaki irudi.

Lakini mwaka 2003 gazeti la Coin World lilipeleka sarafu zilezile kwa makampuni kadhaa ya gredi, na hakuna hata moja ambayo wote walikubaliana, kuna zilizopishana mpaka pointi saba. Na kinachonikera mimi zaidi ni huu mchezo wa kuvunja kasha: mtu hajaridhika na 61 anavunja plastiki anatuma tena, ikipanda anakula faida, isipopanda anatuma tena, na kampuni inalipwa kila raundi, sasa niambie nani hapo ana haraka ya kurekebisha? Kwa sarafu za Marekani ikabidi 2007 itokee kampuni nyingine, CAC, ya kubandika stika juu ya makasha ya wenzao kuthibitisha kama gredi imekaa vizuri. Mkaguzi wa wakaguzi! Na aliyeianzisha, John Albanese, ndiye huyohuyo aliyeanzisha NGC.

Msimamo wangu, kasha nalilipia kwa uhalisi. Kwa namba naomba picha kubwa, au bora zaidi video sarafu ikizungushwa kwenye mwanga, na kama 58 ina mng'ao kuliko 61 nachukua 58 na chenji inabaki mfukoni.

Kuna kundi moja ambalo huu ubishi hauwahusu kabisa, wale wenye sarafu iliyogeuzwa kidani. Sonara kachomelea kipete ukingoni, kaing'arisha kabisa ili ipendeze harusini. Hiyo hupewi namba, wanaandika tu kwamba imeharibiwa. Ukitaka kujua kama ni orijino itume, ila piga kwanza hesabu ya usafiri, bima na ada yao, na tafadhali usimrudishie sonara aitoe kile kipete, alama ya kuchomelea haifutiki na atazidi kuipiga tupa.