Tumbo kujaa miezi saba na kansa ya ovari: rufaa itolewe lini?

Mamkubwa wangu alipeleka gauni lile lile kwa fundi mara mbili ndani ya miezi minne likaachiwe kiunoni, majirani wanamwambia umenawiri, kumbe mashavu yanaingia ndani na chakula akila vijiko vitatu anasema ameshiba. Zahanati alienda mara kibao, leo gesi, kesho vidonda vya tumbo, alivyoanza kwenda haja ndogo kila saa ikawa UTI, anarudi na omeprazo (dawa ya vidonda) na antibayotiki. Ultrasaundi ya kwanza kaja kufanyiwa mwezi wa saba wa kuugua, tumbo lina maji na kuna uvimbe kwenye ovari, yaani kifuko cha mayai ya mwanamke.

Nililaumu sana, ila tuwe wakweli, kansa ya ovari haina dalili yake peke yake. Wanaokuja na tumbo kujaa wengi mno ni gesi kweli, ukimpa kila mmoja rufaa ya Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar es Salaam, mtu anatoka Kigoma kwa nauli ya kukopa, foleni inazidi kurefuka na mwenye kansa anasubiri nyuma. Hata kipimo cha damu cha CA-125 kinaweza kupanda kwa endometriosisi (utando wa kizazi kuota nje ya kizazi), uvimbe wa kawaida wa kizazi, au TB ya tumbo ambayo huku kwetu ipo. Na Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000, majibu ya 2021 yakaonyesha kuwapima wasio na dalili hakukupunguza vifo.

Hao ni wasio na dalili lakini! Uingereza hiyo hiyo mwongozo wao wa 2011 ulisema mwanamke, hasa wa miaka 50 na kuendelea, tumbo likijaa, akishiba haraka, akiumwa nyonga au tumbo, au akibanwa mkojo kila mara, hasa ikimtokea zaidi ya mara 12 kwa mwezi, apimwe CA-125, ikifika 35 au zaidi afanyiwe ultrasaundi, na akikutwa na maji tumboni au uvimbe apelekwe haraka kwa wataalamu. (Kile kipimo cha mlango wa kizazi hakionyeshi ovari, wengi tunachanganya.)

Kwahiyo mimi sidai rufaa kwa kila mtu, nadai mama wa umri huo akirudi mara ya pili na shida ile ile aandikiwe ultrasaundi ya hospitali ya wilaya kabla hajapewa omeprazo nyingine, hela tuliyomaliza kwenye dawa za vidonda ingeilipia hiyo ultrasaundi na chenji ikabaki. Daftari lake ninalo hapa, kurasa nne mfululizo zimeandikwa "tumbo kujaa", miandiko minne tofauti, na hakuna aliyefunua ukurasa wa nyuma.