Sarafu Moja Ingoje, Mahindi Yapite Kwanza

Nimechoka kusikia habari za sarafu moja ya Afrika Mashariki. Itifaki yake ilisainiwa Kampala mwaka 2013, tukaahidiwa 2024, sasa tunaambiwa 2031. Mimi siitaki hiyo sarafu kabla gunia la mahindi halijavuka mpaka wa Tanzania na Kenya pale Namanga bila hofu ya kurudishwa.

Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Sumukuvu inaua, hilo silipingi. Mwaka 2016 tulizika watu Dodoma na Manyara. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango kimoja cha mahindi: sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kama kipimo ni kimoja, mzigo uliopimwa ukapata cheti upande huu unazuiwaje sawa na ule ambao haujapimwa? Zuio halikuchagua. Siku chache baadaye likalegezwa kwa masharti: waagizaji wajisajili, mzigo uje na cheti cha sumukuvu. Masharti hayohayo yangetangazwa kwanza, nani angelalamika? Aliyekopa akanunua mahindi soko la Kibaigwa, Dodoma, analipia lori kila siku linayolala mpakani, na mkopeshaji hasubiri mawaziri wapatane.

Na sisi Watanzania tusijitoe. Julai 2025 serikali yetu iliwafungia wasio raia biashara 15, kuanzia saluni na miamala ya simu hadi kununua mazao shambani. Kilio cha wafanyabiashara wa Kariakoo dhidi ya wageni nakielewa, nakubali kwa shingo upande kwamba kulikuwa na sababu. Ila kumweka Mkenya au Mrundi kapu moja na mgeni wa mbali, ilhali Itifaki ya Soko la Pamoja, makubaliano ya nchi wanachama kufunguliana biashara, inafanya kazi tangu 2010, ni kuvunja ahadi tuliyoitia saini wenyewe. Isitoshe, mnunuzi wa Kenya akifika shambani na fedha taslimu, mkulima anapata nguvu ya kumkatalia dalali wa hapa bei ya kunyonywa. Tumemwondolea mkulima wetu mteja.

Somalia imeingia kwenye jumuiya 2024, karibuni sana ndugu zetu, lakini wingi wa wanachama hausaidii kitu kanuni zikiwa za kuvunjwa.

Ninachotaka ni hiki: nchi inayotaka kuzuia bidhaa ipeleke kwanza matokeo ya maabara Arusha, makao makuu ya jumuiya, na iuache upite mzigo wenye cheti na ule ulioko njiani. Serikali itakayokiuka imlipe fidia mwenye mzigo.