Waingereza na Ulimi Wao Jamani

Hivi hawa Waingereza ulimi umewakosea nini? Neno la kwao wanalo, tongue, zamani waliliandika tunge na watu walielewana vizuri tu, baadae wakalibandika herufi mwishoni ambazo hakuna anayezitamka, sawa, tukanyamaza. Basi si wabaki nalo? Hawataki. Ulimi ukitaka kuvaa tai tu wanakimbilia kwa Warumi kuchukua lingua au kwa Wagiriki kuchukua glossa. Na hiyo lingua Warumi wa zamani walisema dingua, wanaisimu wanasema ni ndugu wa damu na tongue, yaani jamaa kaenda kukopa kwa binamu kitu ambacho anacho ndani! Halafu ada nalipa mimi.

Maana binti kaja na homwek, tafuta maneno yasiyo ya kawaida yaliyotokana na ulimi. Nikajua ni language na bilingual, tunamaliza nawahi mpira. Thubutu! Kuna mmea unaitwa bugloss, ulimi wa ng'ombe, eti majani yake yanakwaruza. Kuna mwingine Cynoglossum, huo ni ulimi wa mbwa, sasa nani alienda kumshika mbwa ulimi akalinganisha na jani? Linguine nazo, zile tambi bapa za Waitaliano, kumbe ni vilimi, mtu anakaa hotelini analetewa sahani ya vilimi kwa bei ya kilo ya nyama na anashukuru.

Hospitali ndo usiseme. Mtoto akizaliwa na utando wa chini ya ulimi mfupi, ulimi haunyanyuki, wanaita ankyloglossia, jina ambalo hata wewe ambaye ulimi wako uko huru linakushinda. Kile kifuniko cha kooni kinachozuia wali usipite njia ya hewa ni epiglottis. Sisi tukasema kidakatonge, kinadaka tonge, kwisha habari.

Ila kilichonimaliza ni lip gloss. Glossary, ile orodha ya maneno na maana zake, inatoka kwenye ulimi, gloss ile ya maelezo pembeni ya kitabu nayo ya ulimi, lakini lip gloss, kitu kinachokaa mdomoni kabisa, jirani na ulimi ukuta kwa ukuta, haihusiani! Hiyo ni gloss ya kung'aa, ukoo mwingine. Nikamgeukia mama watoto, alikuwa ndo anajipaka, nikamshushia yote na Ugiriki wake. Akanisikiliza vizuri tu, akafunga kichupa, akasema, "Baba Neema, hela ya mboga umeacha?"