Popo Aliyesimama

Mimi kazi yangu ni kusafisha picha. Nina kibanda Mkunazini, mjini Unguja: mlango mmoja, feni moja, kitambaa cha buluu ukutani na kigoda cha mteja wa pasipoti saizi. Tangu simu zijae mikononi, wanaokuja kusafishiwa picha wamepungua, wanaokuja kuuliza "Hii unaionaje?" wamezidi. Na swali hilo ndilo lililoniaibisha ukweni.

Chanzo chake ni mafunzo ya siku kumi. Alikuja mwalimu wa kigeni, mpiga picha za wanyama na ndege, akatukusanya vijana, na mimi nisiyekuwa kijana, akatupeleka msitu wa Jozani kuwapiga picha kima punju. Jioni kila mmoja picha yake inamulikwa ukutani, wenziwe wanaitolea maoni. Siku ya kwanza ilikuwa vita. Sisi watu wa baraza, tumezoea kuchambua mpira. Mtu picha yake imechezacheza kidogo, anaambiwa bora angechora. Kijana mmoja alifunga begi lake akaenda zake, tukamwona tena siku ya tatu.

Mwalimu akaona atufunze kusema kabla ya kupiga. Usimseme mtu, sema picha. Kabla hujafungua mdomo nyamaza, itazame, hesabu mpaka thelathini, uwe na hakika unachokiona ni nini. Halafu anza na kilichofaulu, kiwe cha kweli, si "nzuri" ya kuokoteza. Kisha taja kasoro moja tu, na iwe ya kurekebishika, maana mtu hawezi kurudi msituni akambadilisha kima sura, lakini kusogea anaweza. Umalizie na jambo litakalomtia hamu ya kurudi. Kwao wanalifananisha na mkate uliotiwa nyama kati. Mimi nikasema huu si mkate, hii ni sambusa: manda huku, manda huku, pilipili imefichwa ndani. Jina likashika.

Nikawa mpishi hodari wa hizo sambusa. Kijana aliniletea picha ya kima punju kashika kipande cha kaa anatafuna. (Kweli wanakula makaa. Majani ya mwembe na mkungu yana mambo yanayowavuruga tumbo, makaa yanawatuliza. Sisi tunayapikia, wao wanayala kavu.) Nikamwambia: "Umemuwahi anapofumba jicho kwa raha, hapo umepatia. Lakini kaa lenyewe limemezwa na kiza cha nyuma. Ungesogea hatua moja kushoto, lile jani lenye jua lingekaa nyuma ya mkono wake, tukaliona. Na vile vidole vinne vimetoka wazi, mtu anajua mara moja kuwa hana dole gumba." Kijana alitoka mbio kana kwamba kima anamsubiri palepale.

Shida ikaanza nilipoipeleka sambusa nyumbani. Siku moja nikamwambia mke wangu, "Wali leo umechambuka. Chumvi ungeipunguza kidogo. Na sahani hizi zimependeza." Alinitazama, akaondoa sahani zilizopendeza pamoja na wali wake. Mpaka leo nikimsifu anasimama kama anayengoja sindano. "Haya," anasema, "lakini nini?"

Sasa, ukweni kwangu ni Pemba, Chake Chake. Baba mkwe ni mzee wa mikarafuu, mtu wa maneno machache, na hayo machache anayatoa kama anayehesabu pesa. Tulikwenda na boti msimu wa kusi. Anayeujua mkondo wa Nungwi wakati wa kusi hahitaji kusimuliwa. Mifuko myeusi ya kutapikia iligawiwa mapema, na mimi nikaomba wa pili. Tulipofika bandari ya Mkoani ardhi bado ilikuwa ikipanda na kushuka, na mpaka tunaingia Chake nilikuwa nikijishikilia kitini ndani ya gari iliyosimama. Nayasema haya ili msomaji anionee huruma kabla hajafika mbele.

Ukumbini walikuwapo baba mkwe, ami wawili wa mke wangu, na imamu wa msikiti wao. Umeme umekatika tangu alasiri, dirisha moja lipo wazi, kiza kimeshaanza kujikunja pembeni. Kahawa, halua, mkate wa kumimina ambao mwenzenu sikuweza hata kuutazama. Katikati ya ukuta, baina ya kalenda na saa, pana fremu kubwa ya picha.

"Hiyo nimeipiga mwenyewe," akasema baba mkwe. "Kwa simu ya mjukuu. Nikaisafisha kwa mtu hapa mjini. Weye fundi, unaionaje?"

Mwalimu alisema thelathini. Mimi nilihesabu tatu.

Niliona nini? Niliona vinyama vitatu vyenye manyoya mekundu ya kahawia, masikio yamesimama, pua ya mbwa mdogo, macho makubwa. Nikasema moyoni, komba. Weusi uliowazunguka nikaudhani kivuli. Na komba hao wote vichwa vipo chini, miguu ipo juu. Mtu wa kusafisha picha kwa miaka kumi na tisa akiona kichwa chini, anajua moja tu: aliyetia kwenye fremu kakosea.

Nikaanza na manda ya kwanza. "Baba, Mashaallah. Macho yametoka, na ikiwa jicho la mnyama limetoka, mengi husamehewa. Hawa komba umewapata vizuri."

Ami mmoja akaweka kikombe chini. Mimi nikalichukulia kuwa ni mvuto wa maneno yangu.

"Ila pana kitu kidogo, na wala si kosa lako, ni la fundi wa fremu. Picha imetundikwa kichwa chini. Komba hata akilewa tembo halali hivi."

Tembo nimelitaja mimi, na imamu kakaa pale, kashika tende.

Sikuishia hapo. Mwalimu alitusisitiza kasoro iwe ya kurekebishika, na mimi niliiona ya kurekebishika saa ileile. Nikapanda kiti cha plastiki, nikaishika fremu, nikaigeuza. Kamba sasa ilikuwa chini, kwa hiyo nikaukalisha ukingo wa fremu juu ya kichwa cha msumari, nikashuka, nikarudi nyuma hatua mbili.

"Sasa," nikasema, na hii ndiyo manda yangu ya pili, "mnawaona? Wamesimama. Wamejifunga makoti yao kama wazee wanaongoja gari wakati wa mvua. Picha imepata hadithi."

Hakuna aliyejibu. Mtoto wa shemeji yangu, wa miaka sita, aliishuka kochi polepole, akaenda mbele ya ukuta, akaupa mgongo, akainama mpaka kichwa kikapita baina ya miguu yake. Akaitazama picha vile, kichwa chini.

"Sasa nawaona popo," akasema.

Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ulikuwa ni fremu, iliyouachia msumari wakati huohuo, ikapiga ukingo wa kabati na kumwaga kioo mpaka kwenye halua.

Baba mkwe hakuinuka. Alichukua kipande cha kioo juu ya halua kwa vidole viwili, akakiweka kwenye kisahani, akaniuliza kwa upole wa kutisha: "Mkwe, popo wenu wa mjini husimama?"

Jikoni nilisikia mtu anachekea kwenye kanga. Ni mke wangu. Alikuja na ufagio, machozi yanamtoka, akajaribu kunitetea: "Baba, msamehe, ndivyo walivyofundishwa. Wanaiita sambusa." Akamweleza yote, manda hii, pilipili, manda ile, na wali wangu wa chumvi, na kuhesabu mpaka thelathini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Na thelathini alihesabu?"

Hakuna aliyemjibu, na hakungoja jibu.

Asubuhi nilinunua kioo, na mama mkwe kwa kunihurumia akanipa shati jeupe jipya alilokuwa ameniwekea zawadi. Nilipolivaa tu, mzee akasema, "Chukua kamera yako. Tunakwenda Kidike."

Kidike si mbali na Chake. Unaiacha barabara, unapita mashamba, na kabla hujawaona unawasikia: kelele kama za soko la samaki boti ikiingia. Halafu unainua kichwa. Miti mikubwa imezaa popo. Mamia wananing'inia, kila mmoja kajifunika mbawa nyeusi, na pale jua linapopenya manyoya yanang'aa rangi ya karafuu iliyokauka vizuri. Hawalali hata kidogo, ingawa ndio usiku wao. Huyu anajipepea kwa bawa moja, yule anamsukuma jirani, mwengine kajinyoosha. Bawa kwa bawa wanafika mita 1.6, wanampita mama mkwe.

"Hawa duniani kote wapo Pemba tu," mzee akasema. Ilikuwa sentensi yake ndefu ya kwanza tangu jana. "Unguja hamna." Kidogo akanyamaza ili neno linikae. Akaendelea: zamani watu wakiwapiga na kuwala, misitu nayo inakatwa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikahofiwa watatoweka. Vijiji vikajiundia vikundi vya kuwalinda, na hesabu ya mwaka 2007 ikawakadiria kiasi cha 20,000. Mtu aliyeipiga picha ile, nikaelewa, hakuwa amepiga popo watatu ukutani. Alipiga jambo walilolipigania. Na mimi nikampandia kiti cha plastiki.

Nikanyamaza. Safari hii nilihesabu kweli, kwa kidole. Nilipofika ishirini na ngapi sijui, moja kwa moja juu yangu, popo mmoja akafanya kitu. Akaachia miguu yake! Akajishika tawi kwa dole gumba za mbawa, mwili ukageuka, kichwa kikaja juu, miguu ikaning'inia chini. Kasimama. Popo kasimama wima, kajifunga koti, ananitazama.

Furaha iliyonishika, wallahi. "Baba! Huyo! Kasimama! Si nilisema!" Nikainua kamera, nikarudi nyuma nusu hatua ili nimpate sawasawa, jicho kwenye jicho, nikabonyeza mara kumi na tano.

"Mkwe, toka hapo chini," mzee akasema.

"Ngoja, Baba, bado amesimama—"

"Toka, nakwambia! Popo husimama akitaka haja tu!"

Hivyo ndivyo ilivyo. Popo kulala ni kichwa chini, kula kichwa chini, kugombana kichwa chini. Akitaka kujisaidia hujigeuza, asije akajichafua mwenyewe. Anapogeuka ana sekunde chache tu, na hazipotezi. Matunda waliyokula usiku kucha hutoka yamekuwa uji wa kahawia, na mengine bado yana mbegu. Mbegu hizo, mzee alinieleza baadaye, ndizo zinazouotesha msitu. Siku ile baadhi yake zilipandwa kwenye kola yangu.

Na picha ya ukumbini? Nilipoigeuza mbele ya imamu, nilikuwa nimewaonesha wageni popo watatu wapo chooni.

Tulikaa kwenye gogo, mbali na miti. Mzee akanyoosha mkono kuomba kamera. Nikamwonesha pa kubonyeza. Akaitazama ile ya mwisho, ya popo kasimama, na nikaona midomo yake inatembea, taratibu, anahesabu. Hakuruka hata namba moja.

"Jicho limetoka kali," akasema. "Hapo umepatia."

Nikangoja kama mke wangu anavyongoja.

"Ila mpiga picha kasimama pabaya. Ungesogea hatua moja kushoto, isingekupata." Akanirudishia kamera, akalitazama shati langu kutoka kola mpaka mfukoni.

"Lakini saizi yako mama mkweo kaipatia."