Usinionyeshe kinavyovutika, nionyeshe kinavyorudi

Mtu akitaka kukusifia kitambaa cha kunyumbulika, hukishika pande mbili, akakivuta, kisha akakutazama usoni akingoja ushangae. Mimi sishangai. Hata mfuko wa plastiki ukiuvuta taratibu unavutika. Ila ukiuachia, unabaki hivyo hivyo umelegea.

Nazungumzia vitambaa visivyofumwa, vile vya kiunoni mwa nepi na kwenye vikamba vya barakoa. Havipiti kwenye mtambo wa kufuma. Polima, yaani malighafi ya molekuli ndefu kama ile ya plastiki, huyeyushwa, ikasukumwa kupitia vitundu vidogo, hewa ya moto ikazivuta nyuzi zikawa nyembamba, zikatua juu ya mkanda unaotembea na kushikana zenyewe kabla hazijapoa.

Ugumu uko kwenye polima yenyewe. Mojawapo inayotumika sana ina molekuli ndefu zenye ncha mbili za polistirini, plastiki ngumu, na mpira katikati. Ncha hizo hukusanyana zikawa mafundo, na mafundo ndiyo yanayozuia molekuli zisiteleze unapovuta. Ukiachia, mpira hujikunja ukarudi. Uzuri ni kwamba joto huyalegeza mafundo, kwa hiyo kitu hiki kinayeyuka, jambo ambalo mpira wa tairi hauwezi. Ubaya ni kwamba kikiyeyuka bado ni kizito mno kupita kwenye vitundu, na ukiongeza moto ili kiwe chepesi, molekuli zinaanza kukatika.

Ndipo watengenezaji wakachanganya. Wakatia polietilini au polipropilini inayotiririka vizuri, na mambo yakaenda: nyuzi zikawa nyembamba, kunata kukapungua, na gharama ikashuka. Lakini plastiki hizo zikivutwa kupita kiasi fulani hazirudi. Mpira ukiwa ndio umeenea kote na plastiki imetawanyika ndani yake, kitambaa kinabaki na tabia ya mpira. Plastiki ikizidi hadi yenyewe ndiyo iliyoenea, umenunua plastiki. Kiwandani mtambo unakwenda bila kusumbua, nyumbani nepi inaporomoka.

Sina ugomvi na kuchanganya. Ugomvi wangu ni huu ukimya juu ya kurudi. Chukua kipande, chora mistari miwili kwa kalamu, iachane sentimita 10. Vuta hadi ifike 20, shikilia, achia, pima. Ukikuta 11, ile sentimita moja imekwenda na hairudi. Rudia mara kadhaa uone inavyoongezeka. Na hapo hujakiweka kwenye mwili wenye joto la nyuzi 37, kikiwa kimevutwa usiku kucha, hali inayopunguza nguvu ya kubana zaidi kuliko mvuto wa dakika moja mezani. Kipimo hicho cha saa nyingi ndicho ningependa kukisoma kwenye pakiti, badala ya neno “laini sana”.

Kuna na ile mikunjo midogo midogo ya kiunoni mwa nepi, ambayo wengi hudhani ni urembo. Utando wa mpira ukiachwa wazi hunata kwenye ngozi, kwa hiyo huvutwa kwanza, ukabandikwa kati ya vitambaa viwili vya kawaida, kisha ukaachiwa. Vile vya nje vikajikunja. Kazi safi, nakiri. Ila kuvitenganisha baadaye ili vitumike tena ni karibu haiwezekani, kwa kuwa kila tabaka ni la ukoo wake.

Kwa sababu hiyo nazipendelea polima nyumbufu zinazotokana na propilini, malighafi ile ile ya polipropilini, ikichanganywa na ethilini kidogo. Ni ndugu wa polipropilini ya kitambaa cha nje, hivyo zinaungana nayo vizuri, na mabaki ya kiwandani yanaweza kuyeyushwa pamoja. Kurudi kwazo hakulingani na kwa ile yenye mafundo ya polistirini. Kwa nepi ya saa chache ningezichukua hizi za propilini bila kusita. Kwa bandeji ya kubana goti kutwa nzima, hapana.