Nani Amelala Ndani ya Gari?

Saa kumi na nusu alfajiri, steji ya Nakuru, vioo vya matatu vimefunga ukungu kwa ndani. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba gari lina mtu. Ukisogea utaona soksi zimeanikwa kwenye usukani na mguu mmoja umetokeza kati ya viti. Makanga amejikunja kiti cha nyuma, sweta limefunika uso, redio imezimwa ili betri isiishe. Saa kumi na moja atakuwa mlangoni akiita "Nairobi! Nairobi!" kwa sauti ya mtu aliyelala kitandani.

Nimeanza na huyu kwa sababu kila tunapozungumzia kusafisha jiji usiku, hatajwi. Anayetajwa ni chokoraa, yule wa mtaani anayelala nje. Ombi la wafanyabiashara wengi wa katikati ya mji linajulikana, na tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, limepata uzito zaidi: usiku ukiingia, barabara na veranda ziwe tupu. Magari yasilale kando ya barabara, watu wasilale kwenye bustani ya Nyayo Gardens wala mbele ya maduka. Kisumu, iliyowapokea wageni wa kongamano la Africities Mei 2022, nako utalisikia ombi lile lile.

Wanaolalamika wasidharauliwe. Mwenye duka amelipa leseni na kodi ya pango, halafu kazi yake ya kwanza asubuhi ni ndoo ya maji na sabuni ya unga, anaosha kinyesi cha mtu asiyemjua. Mama anayefungua kibanda cha chai kabla hakujapambazuka hupita katikati ya vijana wenye chupa za gundi mdomoni, na hofu yake si ya kubuni. Tena lori lililoachwa gizani ukingoni mwa barabara kuu, nyuma yake pametupwa matawi mawili matatu tu ya kuonya wengine, ni hatari kwa kila mwendesha boda anayetoka kazini usiku. Hayo yote ni kweli. Ninachobisha ni hili la kudhani kwamba ukishasema "waondolewe" umeshatoa mpango.

Tuanze na lori. Kutoka Mombasa hadi Malaba, mpakani na Uganda, ni zaidi ya kilomita 900. Sheria ya Trafiki, tangu marekebisho ya 2012, inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Piga hesabu mwenyewe. Hakuna lori lenye mzigo linaloimaliza safari hiyo kwa saa nane, kwa hiyo sheria yenyewe imemwamuru dereva alale njiani. Ilichosahau ni kumwambia alale wapi. Jibu walijitafutia madereva wenyewe, ndipo Salgaa, karibu na Nakuru, ikawa Salgaa, kituo kizima kilichokua kwa sababu lori lilihitaji pa kusimama. Malaba nako, foleni inapokwama, kama ilivyokuwa 2020 madereva walipokuwa wakingoja majibu ya vipimo vya korona, kile kitanda chembamba nyuma ya kiti cha dereva hugeuka nyumba ya siku kadhaa.

Mbona hawaendi gesti? Swali hilo huulizwa na mtu ambaye hajawahi kukabidhiwa mali ya mwingine. Lori likiachwa peke yake, kufikia asubuhi turubai limepasuliwa, tangi limenyonywa mafuta, na deni ni la dereva na utingo wake. Kwa matatu ni hivyo hivyo. Makanga halali ndani kwa sababu hajui raha ya kitanda. Analala ndani kwa sababu gari likilala peke yake huenda likaamka bila betri na bila vioo vya pembeni, na kwa sababu chumba katika mitaa ya Rhonda au Kaptembwo kina kodi ya kila mwezi ilhali yeye hulipwa kwa siku, siku ambayo gari limetembea. Mwenye gari anapata mlinzi wa bure, kijana anapata paa, hata kama la bati la gari, na Nakuru kunakuwa na baridi usiku, si kama Kisumu ambako adui ni mbu. Mpango huo haukuandikwa popote, lakini magari mengi yanayotupeleka kazini yanalindwa hivyo.

Sasa kuna takwimu moja ambayo hainitoki akilini. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini. Kisumu walikuwa 2,746, Nakuru 2,005. Namba hizi hutumiwa na pande zote mbili, huyu akisema ni wengi mno, yule akisema ni wachache kiasi kwamba kaunti ingeweza kuwahudumia ikitaka. Mimi huangalia hiyo 2,005 na kujiuliza makanga wangu yuko wapi humo. Yeye si familia ya mtaani. Ana kazi, ana simu, ana sare, pengine kila Jumamosi yeye humtumia pesa mama yake aliye Molo. Ukimwita asiye na makao atakutukana. Lakini ukimuuliza jana alilala wapi, juzi je, na mwaka jana, atakutajia gari, na gari hilo likiuzwa kesho atalala kwenye veranda ile ile ya chokoraa. Kati ya mwenye nyumba na wa mtaani kuna watu wengi wanaolala kwa hisani ya kazi yao, na ukiwafukuza kwenye magari umeongeza ile 2,005, hujaipunguza. Mwenye duka anayetaka steji iwe tupu saa tano usiku hajafikiria kwamba watu hao watatafuta pa kujikinga na mvua, na pa kujikinga palipo karibu ni pake.

Nirudi kwenye ndoo na sabuni ya unga, maana ndiyo malalamiko yenye nguvu kuliko yote. Choo cha kulipia mjini hufungwa jioni, mhudumu akishahesabu shilingi zake na kufunga kufuli. Baada ya hapo, mamia ya watu waliobaki katikati ya mji, walinzi wa usiku, makanga, madereva wa teksi, wauza mayai, abiria waliochelewa gari, wote hawana pa kwenda hadi mlango ufunguliwe asubuhi. Tumbo la binadamu halijui saa za kufunga. Mchana tunamwambia mtu atoe shilingi kumi akajisaidie kistaarabu, usiku tunamfungia mlango, asubuhi tunashangaa kukuta alichoacha, kisha tunamlaumu chokoraa peke yake kana kwamba yeye ndiye mwenye tumbo katika jiji zima. Ibara ya 43 ya Katiba inapotaja haki ya makao imeandika papo hapo, katika sentensi hiyo hiyo, kiwango kinachofaa cha usafi wa mazingira. Kaunti inaweza kudai nyumba ni jambo la miaka. Mhudumu wa choo wa zamu ya usiku si jambo la miaka.

Kuhusu njia ya nguvu, Nakuru imeshaijaribu. Februari 2019 watoto na vijana wa mitaani waliokotwa mjini usiku, wakapelekwa kutupwa katika msitu wa Chemasusu, Baringo. Maafisa wa kaunti walilaumiwa, nchi ikashtuka. Leo pita mjini usiku uone kama veranda ni tupu. Sheria ya zamani ya uzururaji tuliifuta 1997, lakini fikra yake haikufutika: kwamba maskini akionekana, kosa ni kuonekana. Walio watoto, Sheria ya Watoto ya 2022 inawahesabu kuwa wanaohitaji matunzo na ulinzi. Kanjo, yaani askari wa kaunti, mwenye rungu nyuma ya pikapu si matunzo.

Ningekuwa na sauti katika bajeti ningeanza na magari, kwa kuwa hapo pesa zipo. Kiwanja kimoja chenye taa, mlinzi, maji na choo, gari lilipe ada ya usiku lipewe risiti, makanga alale ndani ya gari lake bila kumhonga mtu. Malori nayo yapewe pao nje ya mji, kisha atakayeegesha gizani barabarani bila kiakisi atozwe faini bila huruma, hapo sitamtetea. Wenye maduka watapata wanachotaka kwa sehemu kubwa.

Veranda ni ngumu zaidi, sina kiwanja cha kuwapa wasio na gari. Ninachojua ni kwamba hata malalamiko ya maduka hayako safi kama yanavyosikika. Kuna mwenye hadwea mmoja ninayenunua misumari kwake, hodari wa kuwalaani wanaolala mjini. Siku moja nilipita pale usiku nikamkuta mzee amejifunika gunia mbele ya mlango wake. Kesho yake nikamuuliza. "Aa, yule ni wangu," akanijibu. "Yeye akiwa hapo, kufuli haliguswi." Nikamuuliza humlipa kiasi gani. Akacheka, akasema humpa chai.